Mwalimu Anunue Gari Gani?

Laki sita za Kenya ni pesa ngumu kuzipangia. Haziagizi gari kutoka Japani, maana sheria inakataa gari lililotumika ambalo limepita miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Ushuru wa forodha uliopanda kutoka asilimia 25 hadi 35 mwezi wa Julai 2023 nao ni mwanzo tu wa foleni: nyuma yake wamesimama ushuru wa bidhaa, VAT, ada ya tamko la uagizaji na tozo ya reli. Wala laki sita si pesa za kununulia mkweche. Zinampeleka mtu moja kwa moja kwenye soko la kati, la magari ambayo Mkenya mwingine amekwisha kuyaendesha, kuyagonga kidogo na kuyapaka rangi upya, yale yenye namba zinazoanza na KB, na mkono ukiwa wa bahati, KC.

Mwenye laki sita hizo, za mkopo wa sako, ni mwalimu wa sekondari. Anakaa Langas, Eldoret, na anafundisha upande wa Kesses, kama kilomita 35 kutoka nyumbani: lami ya barabara kuu ya Nakuru hadi Cheptiret, kisha kukata kuelekea Chuo Kikuu cha Moi, na mwisho kipande cha murram ambacho mvua ikinyesha kinabadilika kuwa kitu kingine. Waliomzunguka nimewataja kwa kazi zao tu, kwa kuwa hoja wanazotoa hazina mwenyewe. Utazisikia katika gereji yoyote ya Eldoret na hoteli yoyote ya Kesses. Mimi nitadakiza pale nitakaposhindwa kunyamaza.

MWALIMU: Masharti yangu ni matatu. Bei ni laki sita, na ndani yake zibaki za bima na za fundi. Mafuta: gari lisile mshahara. La tatu ndilo mnalolicheka, lakini nalisema tena: nataka gari la raha. Miaka yote nimekaa kwenye matatu, magoti yamebanana na ya jirani, mtu wa nyuma anasinzia begani kwangu. Siku nitakayoshika usukani wangu mwenyewe, nataka kona zinifurahishe.

DEREVA WA PROBOX: Mwalimu, hayo yote yana jibu moja, na limeegeshwa pale nje. Injini ya 1NZ, CC 1,500, ya cheni, haina mshipi wa kukukatikia njiani. Nyuma imeundwa kubeba kilo 400. Ukikwama Burnt Forest usiku wa manane, kuna mtu ataamka akupatie spea. Ila usichukue toleo lililotoka kuanzia Septemba 2014, hilo lina giaboksi ya CVT. Tafuta la kabla ya hapo, la otomatiki ya gia nne, ama la gia za mkono ukibahatika.

MWALIMU: Na raha?

DEREVA: Raha ni kufika.

FUNDI: Hapo amekukwepa, lakini mengine ni kweli. Probox haijawahi kunilaza njaa wala kunitajirisha. Inakuja, inabadilishiwa bushi, inaondoka.

MWALIMU: Na nikisimamishwa na kila mtu aliye kando ya barabara akidhani nabeba abiria? Na kila kizuizi cha polisi?

DEREVA: Hilo nalo lipo.

MHAZINI WA SAKO: Kabla hamjamuuzia gari, nimwonyeshe kitu. Langas hadi shuleni na kurudi ni kilomita 70. Kwa siku 22 za kazi, 1,540. Gari likienda kilomita 15 kwa lita, hizo ni lita 103 hivi. Tuweke petroli shilingi 180, ingawa EPRA, mamlaka ya nishati, hutangaza bei kila tarehe 14 ya mwezi, na mwaka 2023, mwezi wa Oktoba, Nairobi ilifika 217. Kwa hizo 180, unachoma zaidi ya elfu kumi na nane kwa mwezi. Nauli ya matatu tukiiweka 150 kwenda na 150 kurudi, ni 6,600. Gari halijapasua hata tairi moja, na limekwisha kula nauli ya karibu miezi mitatu.

MWALIMU: Nitabeba walimu wenzangu wawili, tuchangiane mafuta.

DEREVA: Ukibeba watu kwa malipo na bima yako ni ya gari la kibinafsi, siku ya ajali kampuni ina sababu ya kukataa kulipa. Naongea nikijua.

Anajua, na hakuulizwa zaidi anajuaje.

Hesabu ya mhazini mimi sikuipatia dosari. Mtu anaweza kumkumbusha kwamba mwalimu ana likizo, kwa hivyo gari litapumzika Aprili, Agosti na mwisho wa mwaka. Hilo linapunguza jumla ya mwaka lakini nauli nayo inapungua vilevile. Basi tuseme jambo ambalo washauri wa magari huliruka. Kwa mtu mmoja anayekwenda na kurudi kwenye njia yenye matatu, gari la kwanza haliokoi pesa hata kidogo. Linanunua vitu vingine: kutongoja matatu ijae, kurudi saa mbili usiku baada ya mkutano wa wazazi, kumfikisha mama kwenye hospitali ya rufaa bila kumwamsha jirani. Raha imo katika orodha hiyohiyo. Ikiwa hesabu peke yake ndiyo hakimu, gari bora kuliko yote ni nauli. Kwa hivyo sharti la tatu la mwalimu, lile lililochekwa, kwangu mimi ndilo la kuanzia, na mawili ya kwanza yalipunguze makali.

MWANAFUNZI WA UHANDISI: Tukianza na raha, nina jawabu la kisayansi. Hapa Kesses tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hivyo injini ya kawaida inavuta oksijeni kidogo na kupoteza kama moja ya tano ya nguvu zake. Vitz ya CC 1,000 iliondoka kiwandani na nguvu farasi 70 hivi. Huku inabaki na kama 55. Ukipanda Timboroa, zaidi ya mita 2,700, zinapungua tena. Injini yenye tabo inajisukumia hewa yenyewe, haijali sana mwinuko. Chukua Volkswagen Golf ya 1.2 TSI, nguvu farasi 105. Ni ndogo, inakula kidogo, na inavuta.

FUNDI: Kijana, umesema kweli kuhusu hewa. Sasa niambie kuhusu giaboksi.

MWANAFUNZI: DSG, gia saba, klachi mbili.

FUNDI: Klachi mbili kavu. Mwaka 2013 Volkswagen wenyewe waliyaita magari mengi yarudi, nchi nyingi, kwa kasoro za giaboksi hiyohiyo. Iliyorekebishwa vizuri ni tamu, sikatai. Lakini ya laki sita imepita mikono mingapi? Kompyuta yake ya giaboksi ikifa, bei utakayotajiwa itakufanya ukae chini. Na mjini Eldoret wenye mashine ya kuisoma ni wa kuhesabu. Mwalimu atakuja shuleni na matatu huku akilipa mkopo wa Golf.

MZEE MKULIMA: Nyinyi wahandisi mliwahi kutuahidi gari letu wenyewe, Nyayo Pioneer. Liko wapi?

MWANAFUNZI: Hao walikuwa wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Mzee, si sisi. Na walitengeneza matano, mwaka 1990 yakaonyeshwa Kasarani.

MZEE: Matano. Ng'ombe wangu tu ni zaidi ya hayo.

Mzee alitoka nje ya mada, lakini si mbali sana. Kama mpango ule ulioanza mwaka 1986 ungezaa kiwanda cha kweli, mwalimu leo angekuwa akijadili gari lililoundiwa barabara zake. Badala yake anajadili magari yaliyobuniwa kwa ajili ya vichochoro vya Osaka, na tunayapeleka Lessos. Volkswagen nao walijaribu Desemba 2016, wakaanza kuunganisha Polo Vivo pale Thika: injini ya 1.4, gia tano za mkono, sura ya unyenyekevu. Lilikuwa wazo zuri la gari la kwanza, ila bei yake ilipita milioni, na Mkenya mwenye milioni alikwenda kununua gari la Japani kubwa zaidi.

FUNDI: Mimi ningempa Vitz. CC 1,000, silinda tatu, tusitafute makubwa.

MWALIMU: Niliendesha ya dada yangu. Nilikanyaga mafuta, ikafikiri kwanza, ndipo ikaondoka.

DEREVA: Na huko kufikiri ukiwa unapita trela la Malaba, karibu na Burnt Forest, lingine linakuja mbele? Gari lisilo na nguvu ya kupita linakufundisha subira, na usipojifunza litakuzika.

MWANAFUNZI: Hata hivyo niseme jambo moja ambalo watu hukosea. Kupoteza nguvu huku juu hakumaanishi gari linakula zaidi. Injini ya petroli kwa mwendo wa wastani hubanwa na kilango cha hewa, na huko kubanwa ni hasara. Hewa ikiwa nyepesi unakanyaga zaidi, kilango kinafunguka zaidi, hasara inapungua. Na upepo unaolipinga gari ni mwepesi pia. Kwenye tambarare ya Cheptiret ukienda 80, unaweza kupata kilomita nzuri kuliko Mombasa. Kinachokula ni kupanda mlima na otomatiki ambayo kila saa inashuka gia.

FUNDI: Hilo sikulijua hivyo, lakini nimeliona. Wateja wa huku hawalalamiki mafuta kama wa Nairobi.

MHAZINI: Nairobi ni foleni.

FUNDI: Foleni pia.

Hapa nidakize kuhusu zile karatasi ndogo za rangi zilizobandikwa kwenye kioo cha nyuma, zenye maandishi ya Kijapani, ambazo wauzaji wa yadi huziacha kwa makusudi ili gari lionekane limetoka bandarini jana. Nyingi zinasema tu kwamba gari lilivuka kiwango fulani cha serikali ya Japani cha matumizi ya mafuta au cha moshi. Kiwango chenyewe kilipimwa maabara, kwanza kwa kipimo walichokiita 10-15, na kuanzia mwaka 2011 kwa kingine, JC08, kilicho karibu kidogo na ukweli. Mazda Demio ya CVT ya mwaka 2007, kwa mfano, ilipewa kilomita 23 kwa lita kwa kipimo cha zamani. Mtu wa Eldoret akipata 15 asidhani ameibiwa, kwa sababu ile 23 ilipatikana gari likiwa limesimama juu ya magurudumu ya mashine, bila upepo, bila kifaa chochote cha baridi kuwashwa, na bila punda barabarani.

Kuna karatasi nyingine yenye faida kuliko hizo, na wauzaji wengi huisahau: ile ya kubadilisha oili, hubandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva au ndani ya boneti. Maneno ni ya Kijapani lakini tarakimu zinasomeka. Ikiwa oili ilibadilishwa Japani kwenye kilomita 98,000, na dashibodi leo inaonyesha 71,000, mazungumzo yameisha.

MWALIMU: Sasa mmetaja Demio. Mbona hamkuliweka mezani?

FUNDI: Kwa sababu watu wa Toyota watanicheka.

MWANAFUNZI: Acha wacheke. Kizazi kile cha Demio kilichotoka mwaka 2007 ndicho ningekisomea darasani. Makampuni yote yalikuwa yakiongeza uzito kila toleo jipya. Mazda walipunguza, karibu kilo 100 kuliko Demio lililotangulia, likashuka chini ya tani moja. Mwaka 2008 likapewa tuzo ya Gari Bora la Mwaka la Dunia. Na raha anayoitaka Mwalimu inatoka wapi, kama si kwenye uzito? Gari jepesi halihitaji injini kubwa ili liondoke, halihitaji breki kubwa ili lisimame, na kwenye kona halivutwi nje. Mafuta vilevile: kila mara unapoondoka kwenye tuta unalipia kilo unazozisukuma. Injini ya 1.3 ya Demio ina nguvu farasi 91. Huku juu zinabaki sabini na kitu, na bado zinatosha.

DEREVA: Demio ni gari la mjini.

MWANAFUNZI: Subaru Vivio nalo lilikuwa gari la mjini. CC 658, ndogo kuliko pikipiki nyingine, ingawa ilikuwa na supachaja. Mwaka 1993 Subaru walilileta Safari Rally. Colin McRae akalivunja njiani. Patrick Njiru wetu akalifikisha mwisho.

MZEE: Njiru namkumbuka. Yule hakuwa akiendesha, alikuwa akibembeleza.

Hoja ya mwanafunzi kuhusu uzito naiunga mkono, na ndiyo ninayotaka mwalimu aondoke nayo kabla ya majina yote ya magari. Tumezoeshwa kudhani kwamba nafuu na raha ni ndugu wasioelewana, kwamba mwenye kutaka raha anunue Subaru Impreza ya tabo na akubali kunyonywa petroli. Kwenye gari jepesi la gia za mkono ugomvi huo haupo. Kilo zisizokuwepo hazichomi mafuta, hazili tairi, hazisagi bushi, na ndizo hizohizo zinazofanya usukani ujibu unapoitwa. Anayepigia hesabu CC peke yake hupotea: CC 1,000 ndani ya gari zito, lenye watu wanne na magunia ya viazi, inaweza kunywa kuliko 1,300 ndani ya jepesi, maana inakanyagwa hadi chini mlima mzima.

MHAZINI: Kama uzito ndio dawa, si Suzuki Alto basi? Naziona, ndogo kama kiberiti.

MWANAFUNZI: Ya mwaka 2014 kuendelea haifiki hata kilo 700. Inaenda kilomita 20 kwa lita bila kulazimishwa.

FUNDI: Kwa laki sita utapata iliyochoka. Na tairi zake za inchi 13 zikiingia kwenye shimo la barabara ya Kesses, zinakaa humo. Swift ndiyo ndugu yake mkubwa, ile ya 1.2. Nayo ni chini ya tani moja, na ina mwili wa kukabili barabara kuu. Honda Fit pia ni nzuri, nafasi ndani kubwa kuliko zote, ila ipo chini, inabusu kila tuta.

MZEE: Nimewasikiliza. Mnapima kilo za gari, hamjapima kilo za watu. Binti yangu, ukifika nyumbani na gari, hilo si lako tena. Kuna mazishi, kuna harusi, kuna mama wa jirani amepata uchungu saa tisa usiku. Kuna mahindi mwezi wa Novemba. Mimi mwenyewe nitakuja na mikebe miwili ya maziwa, na hutanikatalia. Zamani tulipanda Peugeot 504 ya viti saba, tukakaa kumi na mmoja.

DEREVA: Probox, Mzee.

MZEE: Probox, kijana. Na Aprili mvua ikianza? Hilo gari lenye tumbo chini utalisukuma wewe?

MWALIMU: Kipande cha murram ni kilomita tatu tu, Mzee. Siku zikiwa mbaya nitaliacha kwenye lami nitembee na gamubuti, kama ninavyotembea sasa. Sioni kwa nini niendeshe lori mwaka mzima kwa ajili ya kilomita tatu za miezi minne. Na mikebe ya maziwa nitabeba. Miwili. Si mitano.

MZEE: Miwili inatosha kuanza.

FUNDI: Usikubali mtu akuuzie speisa za kuliinua gari. Wengi wanaweka, gari linasimama kama kuku aliyeloa, linayumba kwenye kona, na mikono ya ekseli inachakaa kabla ya wakati. Weka tairi zenye ukuta mrefu kidogo, zinazoruhusiwa na upana wa rimu yako, na shokabsoba mpya. Sentimita moja ama mbili zinatosha mtu anayejua kuchagua njia.

Katika jibu la mwalimu kwa mzee kuna kitu washauri wetu hawakipendi. Mkenya hununua gari kwa ajili ya siku moja mbaya ya mwaka, kisha analilipia siku nyingine zote. Tazama magari makubwa yanayovuta kwa magurudumu manne yanayolala nje ya ofisi za Eldoret ambayo tope huliona dirishani. Lakini mzee naye hakukosea kwamba gari la kwanza katika ukoo ni la ukoo. Mwalimu atalazimika kujifunza kusema hapana, na hilo ni gumu kuliko gia.

MHAZINI: Usalama hamjautaja. Jepesi mnalisifu, na ile barabara ya Nakuru ina matrela usiku na mchana.

FUNDI: Ni kweli, uzito ukigongana na wepesi, mwepesi anaumia. Ndiyo sababu nasema mifuko ya hewa iwe hai. Washa swichi kabla ya kuwasha injini: taa nyekundu ya mfuko wa hewa lazima iwake, ikae kidogo, izime. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameichomoa ili usijue. Wanaogonga, wakavuta gari, wakafunika kwa puti, hufanya hivyo.

MWANAFUNZI: Na kuna Takata. Mifuko yao ya hewa ilikuwa na kilipuzi kinachoharibika kadiri miaka inavyopita, kikilipuka kinarusha vipande vya chuma kwa dereva. Mamilioni ya magari yakaitwa dunia nzima, na kampuni ikafilisika mwaka 2017. Vitz, Fit, Demio, mengi ya miaka hiyo yamo. Gari lililoondoka Japani kabla ya kuitwa, nani aliliita likiwa Langas? Chukua namba ya chesi, uitafute kwa mtengenezaji wake uone kama limerekebishwa.

MWALIMU: Hilo hakuna dalali aliyeniambia.

FUNDI: Dalali atakuambia redio ni nzuri. Na redio yenyewe haitashika vituo vyako, maana FM ya Japani huanzia 76, na redio za miaka hiyo huishia 90. Itabidi uwekewe kipanuzi cha masafa, ama ubadilishe redio nzima.

MWALIMU: Redio nitabadilisha. Hiyo ni raha yangu.

MHAZINI: Ongeza kwenye bajeti. Na bima: ya mtu wa tatu ni elfu kadhaa kwa mwaka, ya kila kitu inahesabiwa kwa asilimia ya thamani ya gari, na gari likizeeka sana kampuni nyingi zitakupa ile ya mtu wa tatu tu. Mwaka 2024 serikali ilitaka kutoza kila gari asilimia 2.5 ya thamani yake kila mwaka. Pendekezo liliondolewa Juni kabla hata mswada wenyewe haujaanguka, lakini mimi katika vitabu vyangu nimeweka nafasi. Lililotajwa mara moja laweza kurudi.

DEREVA: Mhazini, wewe ungenunua nini?

MHAZINI: Mimi sina gari, na sina haraka.

MWALIMU: Nimeamua hivi. Demio ama Swift, gia za mkono, lisizidi laki tano na nusu. Za Japani nyingi ni otomatiki, najua, na za mkono zinauzwa polepole kwa sababu watu wanaziogopa, kwa hivyo bei nitaishusha. Nikikosa ya mkono ndani ya miezi mitatu, nachukua Demio ya otomatiki ya gia nne, si CVT.

FUNDI: CVT si mbaya ikiwekewa mafuta yake. Ubaya wake ni sisi. Mtu anaiwekea mafuta ya otomatiki ya kawaida kuokoa elfu tatu, baada ya mwaka analipa giaboksi nzima.

MWALIMU: Kwa sababu hiyohiyo siichukui. Sijui mwenye kuniuzia aliiwekea mafuta gani.

DEREVA: Utanikumbuka ukipasua bampa.

MWALIMU: Nitakupigia simu uje uniburute, kaka yangu, na nitakulipa nauli.

FUNDI: Kuna Demio nyeusi Kapsoya, ya mkono, namba ya KB. Mwenyewe anataka laki tano na elfu themanini. Tukienda Jumamosi, twende saa moja asubuhi na umwambie asiiwashe kabla hatujafika. Injini ikiwa baridi haidanganyi: moshi wa buluu utauona, kelele ya cheni utaisikia, mauntini zilizokufa zitakutikisa mkono kwenye usukani. Mimi nitakuja kama binamu yako. Usiniite fundi mbele yake.

MHAZINI: Na mimi sitoi hundi kabla sijaona rekodi ya NTSA, mamlaka ya usafiri, kupitia eCitizen: jina la mwenye gari, na kama kuna benki au sako nyingine imelishikilia. Umiliki utahamishwa kwa majina mawili, lako na la sako, hadi umalize mkopo. Ukimlipa dalali taslimu huko Kapsoya, mimi sikujui.

MZEE: Jumamosi nina maziwa ya kupeleka Cheptiret asubuhi. Mtapita?

MWALIMU: Tutapita, Mzee. Tukiwa na gari.